KIPIMO BILA JINA: Maneno juu ya Kugeuza Vipimo vya Zamani vya Mkandamizo kuwa vya Metriki

(Hotuba iliyosomwa Kibingo mbele ya wanachama wa Chama na makarani waalikwa)



Halmashauri iliniagiza nichague jambo lenye faida kwa kazi zetu za kila siku, nami nimechagua jambo ambalo pengine kwa kusikia tu litaonekana kavu, yaani kugeuza vipimo vya zamani vya mkandamizo kuwa vipimo vya metriki. Naomba msinichoke mapema. Nataraji kabla sijaketi mtakubali kwamba katika jambo hili kavu mna maji ya watu ya kunywa, mna magurudumu ya magari tunayopanda, na mna usalama wa mgonjwa aliyelala katika zahanati.

Sisi makarani si wahandisi wala si waganga. Hatutandazi mabomba, wala hatutibu mtu. Walakini barua ya mhandisi hupita mikononi mwetu, na daftari la mganga huandikwa upya na sisi, na hati ya kuagiza vifaa hupigwa chapa na sisi. Namba ikiharibika mkononi mwetu, mwenye elimu atakayeipokea upande wa pili hana njia ya kujua kuwa imeharibika. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nathubutu kuongeza kwamba namba bila jina la kipimo hupotea hata ikiwa ndani ya daftari.

MAANA YA MKANDAMIZO

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Vitabu vya shule husema kanieneo, fundi na mganga husema presha, na mtu wa gereji husema upepo. Maana ni moja: ni nguvu inayokandamiza, ikigawanywa kwa ukubwa wa mahali inapokandamiza. Chukueni gunia la kahawa. Likilazwa chali juu ya udongo laini, halizami sana. Likisimamishwa kwa pembe yake, huchimba shimo. Gunia ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini mahali palipobeba uzito pamekuwa padogo, basi mkandamizo umekuwa mkubwa.

Kwa hiyo kila kipimo cha mkandamizo kina mambo mawili ndani yake, nguvu na eneo. Waingereza walichukua pauni kuwa nguvu na inchi ya mraba kuwa eneo, wakapata pauni kwa inchi ya mraba, ambayo huandikwa PSI. Mafundi wa Bara la Ulaya na wa Japani walizoea kilo kwa sentimita ya mraba. Wengine hawakutaja nguvu wala eneo, bali walitaja kimo cha kitu cha majimaji kilichosimama ndani ya mrija. Ndiyo maana twasikia inchi za zebaki, milimita za zebaki, futi za maji na mita za maji.

Desturi hii ya zebaki ilianza Italia mwaka 1643, kwa jaribio la Torricelli, aliyeonyesha kwamba hewa ina uzito na kwamba uzito huo hushikilia zebaki ndani ya mrija wa kioo. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake apande na mrija huo juu ya mlima wa Puy de Dôme. Ikaonekana zebaki hushuka kadiri mtu anavyopanda, kwa sababu hewa iliyobaki juu ya kichwa chake hupungua. Jambo hili tulikumbuke, maana sisi wa Karagwe na Kyerwa ni watu wa milimani, nalo litaturudia.

Kwa heshima ya mtu huyo, Mkutano Mkuu wa Vipimo wa mataifa ulikubali mwaka 1971 kwamba kipimo cha mkandamizo katika metriki kiitwe paskali. Paskali moja ni ndogo mno. Ni kama uzito wa gramu 100 uliotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Kwa hiyo katika kazi twatumia kilopaskali, yaani paskali 1,000, ambayo ni karibu sawa na kilo 100 zilizotandazwa juu ya mkeka wa mita moja kwa mita moja. Watu wa hali ya hewa hutumia hektopaskali, yaani paskali 100. Kiko pia kipimo kiitwacho baa, chenye kilopaskali 100 kamili. Baa hii si baa la njaa, wala si ile baa ambayo baadhi yetu huikumbuka mwisho wa mwezi.

NAMBA MOJA, MAANA NYINGI

Sasa tuseme barua imeletwa mezani kwako, na ndani yake mmeandikwa: "Mkandamizo 120." Hapana neno jingine. Je, utaandika nini katika daftari la metriki?

Kama barua yatoka gereji, nayo yahusu gurudumu la lori, basi yamkini 120 hiyo ni pauni kwa inchi ya mraba. Ukizidisha kwa 6.895 wapata kilopaskali 827.

Kama barua yatoka zahanati, nayo yahusu damu ya mtu mzima mwenye afya, 120 hiyo ni milimita za zebaki. Ukizidisha kwa 0.1333 wapata kilopaskali 16.

Kama yatoka kwa watu wa maji, huenda ni mita za maji, nazo ni kilopaskali 1,177. Lakini kama mchoro ni wa zamani, huenda ni futi za maji, nazo ni kilopaskali 359 tu.

Na kama mtu alikwisha kuigeuza kabla haijafika kwako, basi 120 hiyo ni kilopaskali 120, nawe hupaswi kuigusa tena.

Mnaona, ndugu zangu, namba moja ina maana tano, na kati ya ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote pana tofauti ya zaidi ya mara sabini. Hapana ustadi wa hesabu uwezao kumwokoa karani asiyejua ni ipi kati ya hizo tano. Kuzidisha ni kazi ya mwisho, na ni rahisi. Kazi ya kwanza, iliyo ngumu, ni kuuliza.

Wengine huona haya kuuliza. Karani hufikiri kwamba akimrudishia mhandisi barua ataonekana hajasoma. Lakini kuuliza si ujinga. Mhandisi mwema hufurahi kuulizwa, na asiyefurahi ndiye hasa anayepaswa kuulizwa.

JEDWALI LA KUWEKA UKUTANI

Kwa faida ya wanachama nimeandika hapa jedwali fupi. Mtu aweza kulikata na kulibandika karibu na meza yake.

Pauni 1 kwa inchi ya mraba = kilopaskali 6.895
Kilo 1 kwa sentimita ya mraba = kilopaskali 98.07
Baa 1 = kilopaskali 100
Milibaa 1 = hektopaskali 1
Inchi 1 ya zebaki = hektopaskali 33.86
Milimita 1 ya zebaki = kilopaskali 0.1333
Futi 1 ya maji = kilopaskali 2.989
Mita 1 ya maji = kilopaskali 9.807
Hewa ya kawaida usawa wa bahari = kilopaskali 101.325, au milimita 760 za zebaki, au inchi 29.92 za zebaki, au pauni 14.7 kwa inchi ya mraba

Njia ya kujijaribu ni kutazama kibao kilichobandikwa mlangoni mwa magari mengi madogo yatokayo Japani. Aghalabu utaona mkandamizo wa magurudumu umeandikwa kwa namna mbili, mathalan 220 na 2.2. Ile ya kwanza ni kilopaskali na ya pili ni kilo kwa sentimita ya mraba. Fundi wetu, ambaye geji yake husoma pauni, atajaza upepo hadi 32. Namba hizo tatu hazifanani hata kidogo, nazo zote zasema jambo moja. Dereva atakayemwamuru fundi atie 220 kwa geji ya pauni atapasukiwa na gurudumu usoni.

MAJI YATOKAYO KILIMANI

Sasa nije kwenye mambo matatu ambayo yatugusa sisi wenyewe. La kwanza ni maji.

Katika nchi ya vilima kama yetu, maji mengi huletwa kwa mserereko. Tangi hujengwa juu, na bomba huteremka mpaka koki za kijijini. Mkandamizo ndani ya bomba hutokana na kimo cha maji yaliyo juu yake. Mchana, koki zikiwa wazi, maji hukimbia na mkandamizo hupungua njiani. Usiku, koki zote zikifungwa na maji yakitulia, ndipo mkandamizo unapofika kipeo chake kule bondeni. Bomba dhaifu halipasuki mbele ya wageni siku ya ufunguzi. Hupasuka usiku, watu wamelala.

Mabomba ya plastiki yaliyotengenezwa kwa kanuni za zamani za Kiingereza yalipangwa kwa madaraja ya herufi. Daraja B lilistahimili baa 6, daraja C baa 9, daraja D baa 12, na daraja E baa 15. Mabomba ya siku hizi huandikwa PN na namba ya baa, kama PN 10 au PN 16. Sasa rudini kwenye ile 120 yetu. Ikiwa ni futi 120 za maji, ni baa 3.6, na daraja B latosha. Ikiwa ni pauni 120, ni baa 8.3, na daraja C ndilo lifaalo. Ikiwa ni mita 120, ni baa 11.8, na hata daraja D limefika ukingoni. Mhandisi mwangalifu atataka bomba lenye nguvu zaidi, au atakata mteremko kwa kujenga tangi dogo la kupunguzia mkandamizo katikati ya njia.

Basi fikirini karani anayepiga chapa hati ya kununulia mabomba, naye ameondoa neno "mita" kwa sababu nafasi kwenye karatasi ilikuwa ndogo. Mwuzaji, kwa nia njema kabisa, ataleta daraja C. Fedha za wananchi zitazikwa ardhini pamoja na mabomba hayo. Kijiji kitapata maji kwa miezi michache, kisha akina mama na watoto watarudi na ndoo zao bondeni, na hapana mtu atakayejua kwamba kosa lilikuwa neno moja lenye herufi nne.

Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, umerithi kazi za miaka mingi, na vijiji vingi vina michoro ya nyakati mbalimbali. Mingine ina futi, mingine ina mita, mingine ina baa. Karani anayetunza majalada hayo ana amana kubwa mikononi mwake.

CHUNGU CHA MVUKE KATIKA ZAHANATI

La pili ni lile ambalo lanitia hofu kuliko yote, na naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa hata mtu aliyezidisha sawasawa aweza kukosea.

Vyombo vya kutibia, kama mikasi na koleo za mganga, hutakaswa ndani ya chungu cha mvuke kiitwacho otoklevu. Maji yakichemka ndani ya chungu kilichofungwa, mkandamizo hupanda, na joto la mvuke hupanda pamoja nao. Vitabu vya kale vya Kiingereza vilisema: pauni 15, digrii 121, dakika 15. Muuguzi aliyefundishwa pwani alikariri hivyo, nacho ni kweli kule pwani. Karani anayegeuza maneno hayo kuwa metriki atazidisha 15 kwa 6.895 na kuandika kilopaskali 103. Hesabu yake ni sahihi. Lakini kule kwetu milimani mvuke huo hautafika digrii 121.

Sababu ni hii. Geji ya chungu haisomi mkandamizo wote ulio ndani. Husoma tofauti tu kati ya mkandamizo wa ndani na mkandamizo wa hewa ya nje. Kabla moto haujawashwa, geji husoma sifuri, ingawa hewa imejaa pande zote na inakandamiza. Joto la mvuke, kwa upande wake, halijui habari za geji. Lafuata mkandamizo wote, yaani wa geji pamoja na wa hewa ya nje.

Usawa wa bahari, hewa ina kilopaskali 101 na ushei. Ukiongeza 103 za geji wapata karibu 205, na mvuke wenye mkandamizo huo una digrii 121. Sasa tupande kilima chenye mita 1,600 juu ya bahari. Hapo hewa ina kilopaskali kama 83.5 tu. Ukiongeza 103 za geji wapata 187 hivi, na mvuke wake una digrii 118.

Mtu atasema, digrii tatu ni kitu gani? Kwa hesabu watumiayo wataalamu wa utakasaji, joto likipungua digrii 10, kazi ya kuua vijidudu sugu hupungua mara kumi. Likipungua digrii tatu, kazi hupungua karibu nusu. Yaani dakika 15 za kilimani, kwa geji ile ile, hazina nguvu zaidi ya dakika saba na nusu za pwani. Muuguzi amefuata kitabu, karani amezidisha sawasawa, geji haina kosa, na mkasi hauna hakika ya kuwa safi.

Ili kufika digrii 121 juu ya kilima hicho, geji yapasa isome kilopaskali kama 121 au 122, yaani pauni 17.6. Wazungu wa zamani walikuwa na kanuni fupi ya jambo hili: ongeza nusu pauni kwa kila futi 1,000 za kimo. Mita 1,600 ni futi 5,250, na nusu pauni kwa kila elfu ni pauni 2.6. Ukiongeza juu ya 15 wapata 17.6. Kanuni ya kale na hesabu ya kisasa zimekutana mlango mmoja.

Lakini sisemi kwamba karani aende zahanati akamwamuru muuguzi aongeze moto. La hasha. Kila chungu kina kikomo chake kilichoandikwa na watengenezaji, na kukipita ni kuita mauti. Mwenye kuamua ni mkuu wa zahanati, akiwa na kitabu cha chombo chake mbele yake. Penye kipimo cha joto, hicho ndicho cha kutazamwa kwanza, maana joto ndilo linalotafutwa, na mkandamizo ni njia tu ya kulifikia. Kazi ya karani ni kuandika kwa ukamilifu: kwamba namba hii ni ya geji, wala si ya mkandamizo wote, na kwamba imekusudiwa usawa wa bahari. Maneno hayo machache yakiwamo, mwenye elimu atajua la kufanya. Yakikosekana, hata mwenye elimu atapotea.

HEWA YA MILIMANI NA WASAFIRI WA ZAMANI

La tatu ni vitabu vya hali ya hewa. Katika vitabu vya kale mkandamizo wa hewa uliandikwa kwa inchi za zebaki. Baadaye zikaja milibaa, na tangu mwaka 1986 vituo vya hali ya hewa vya mataifa vimetumia jina la hektopaskali. Kati ya milibaa na hektopaskali hapana hesabu ya kufanya, ni jina tu lililobadilika, nayo ni faraja kwetu. Inchi ndizo zenye kuhitaji kazi. Ukikuta katika daftari la kituo cha kilimani inchi 24.66, usidhani mwandishi alikosea kwa kuwa kitabu cha shule chasema 29.92. Inchi 24.66 ni hektopaskali 835, na ndiyo hewa halali ya mita 1,600. Sharti uulize tu kama namba hiyo ni ya kituo chenyewe, au imekwisha kurekebishwa iwe kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari. Zote mbili huandikwa, na kuzichanganya ni kuharibu kumbukumbu ya miaka mingi.

Nchi yetu yenyewe ina habari katika jambo hili. Mwezi wa Novemba 1861 walifika Karagwe Waingereza wawili, Speke na Grant, wakapokewa kwa ukarimu na Mukama Rumanyika. Wasafiri wa aina yao walijua kimo cha nchi kwa kuchemsha maji. Kwa kuwa hewa ya juu hukandamiza kidogo, maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Kwenye mita 1,600 huchemka kwenye digrii kama 95. Kwa hiyo kipimo cha joto kilikuwa kipimo cha mkandamizo, na kipimo cha mkandamizo kilikuwa kipimo cha kimo. Walikuwa wakigeuza vipimo mara mbili, wakiwa wamekaa kando ya sufuria.

Na kosa dogo katika kazi hiyo lilizaa mabishano makubwa. Mwaka 1858 Speke, akiwa pamoja na Burton, alipima kimo cha Ziwa Tanganyika kwa kipimo cha joto cha kawaida kilichotengenezwa kwa ajili ya maji ya kuogea, kwa kuwa vyombo vyao vizuri vilikwisha kuharibika. Alipata futi 1,800 na ushei. Kimo cha kweli ni mita kama 773, yaani futi zaidi ya 2,500. Kosa hilo ni chini ya digrii moja ya joto. Lakini kwa sababu yake wataalamu wa Ulaya walibishana miaka mingi kama maji ya Tanganyika yaweza kutiririka kaskazini mpaka Mto Nile. Hawakutulia juu ya upande wa kaskazini mpaka mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipoona kwa macho yao kwamba Mto Rusizi waingia ziwani, wala hautoki. Hesabu nzuri haikuweza kuponya kipimo kibovu.

Hata katika nyakati zetu mambo hayo hutokea. Tarehe 23 Julai 1983 ndege kubwa ya Air Canada iliishiwa mafuta angani, futi 41,000 juu ya ardhi, kwa sababu waliohesabu mafuta walitumia namba ya kugeuza lita kuwa pauni huku wakidhani wapata kilo. Hiyo ilikuwa hesabu ya uzito, wala si ya mkandamizo, lakini ugonjwa ni ule ule. Kwa ustadi wa rubani ndege ilishuka bila injini katika kiwanja cha zamani cha Gimli, na watu wote wakaokoka. Nchi ya Kanada wakati huo ilikuwa ikihama kutoka vipimo vya zamani kwenda metriki. Hatari huwa kubwa hasa wakati vipimo viwili vinapoishi nyumba moja.

Nasi hatujatoka katika wakati huo. Nchi za Afrika ya Mashariki zilihamia metriki miaka ya mwisho ya 1960. Tanzania ina Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002. Hata hivyo geji za pauni bado zaning'inia katika kila gereji, na milimita za zebaki bado ndizo lugha ya waganga duniani kote, hata zebaki yenyewe inapoondolewa katika vyombo kwa kuogopa sumu yake. Damu ya mtu ikiwa 140 kwa 90, mganga hatafurahi ukimwandikia 18.7 kwa 12.0. Wewe utakuwa umegeuza sawasawa, naye hatatambua mara moja kuwa mgonjwa wake yuko hatarini. Si kila kitu kigeuzwe. Panapo desturi ya kazi iliyokubaliwa, karani aihifadhi.

KANUNI SITA ZA KARANI

Sasa nakusanya maneno yangu.

Kwanza, usiandike namba ya mkandamizo bila jina la kipimo chake, hata kama nafasi ni ndogo. Heri ukate maneno ya salamu.

Pili, usifute namba ya asili. Andika ile uliyoipokea, kisha ile uliyoigeuza kando yake. Mtu wa kesho aweza kusahihisha hesabu yako ikiwa ya asili ipo. Ukiifuta, umemfungia mlango.

Tatu, eleza kama ni ya geji au ni mkandamizo wote, na kama kimo cha mahali chahusika.

Nne, usijifanye kujua zaidi ya chombo. Geji iliyosoma pauni 15 haikusema kilopaskali 103.42135. Andika 103, yatosha.

Tano, unapoondoa sehemu ndogo za namba, elekea upande wa salama. Kikomo cha juu kisichopaswa kupitwa, kiteremshe. Kiwango cha chini kinachopaswa kufikiwa, kipandishe.

Sita, weka jina lako na tarehe penye hesabu. Asiyetaka kuweka jina lake chini ya hesabu yake, hajaiamini yeye mwenyewe.

Waheshimiwa, kazi ya karani haina vigelegele. Maji yakitoka katika koki, watu humsifu mhandisi. Mgonjwa akipona, humshukuru mganga, nao wastahili. Lakini nyuma yao yuko mtu aliyeandika "mita" pale palipopaswa kuandikwa mita, na "geji" pale palipopaswa kuandikwa geji. Kijiji hakitamjua mtu huyo kamwe, na hiyo ndiyo dalili kwamba alifanya kazi yake.

Naombeni maswali, na kama yuko mwenye daftari la zamani lenye vipimo asivyovitambua, na alilete mkutano ujao tulisome pamoja.